Chenji ya Kitabu

Mwaka 2011 nilikuwa kidato cha tano, mchepuo wa HKL, na mama alinipa shilingi elfu kumi nikanunue Vuta N'kuvute. Noti aliifungua kwenye pindo la khanga, akainyoosha juu ya paja, akasema chenji irudi. Kitabu sikununua. Nilikwenda kwenye kiduka cha fotokopi upande wa Msimbazi nikachukua uchambuzi wa riwaya zote nne za mtihani, makaratasi yamebanwa pini pembeni, shilingi elfu mbili na mia tano. Nyumbani nilirudisha elfu mbili, maana yake kitabu kilikuwa elfu nane. Iliyobaki ikaishia kwenye chipsi mayai na vocha.

Naanza na hilo ili huko mbele usije ukaniamini kupita kiasi. Ninachotaka kukizungumza ni lile swali tunalobishania kila filamu inapotengenezwa kutokana na kitabu: usome kwanza au uangalie kwanza? Miaka mingi nimekuwa upande wa kusoma kwanza. Nimelisema hilo redioni, nimeliandika gazetini, nimewasuta nalo washikaji ambao kosa lao ni kupenda muvi tu. Na kitabu nilichokuwa nakitolea mfano kuliko vyote ni hicho hicho ambacho hela yake niliila.

Ambaye hakusoma Kiswahili cha kidato cha tano na sita huenda hajui uchambuzi ni mdudu gani. Ni kitabu kilichokaangwa mpaka kikabaki makapi. Juu kuna jina la mwandishi na mwaka. Halafu maudhui: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo. Halafu fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mwisho kabisa, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, utadhani Adam Shafi naye alikuwa anasubiri matokeo. Karatasi zangu zilikuwa na Vuta N'kuvute, Kufikirika ya Shaaban Robert, Mfadhili ya Hussein Tuwa na Usiku Utakapokwisha ya Mbunda Msokile, riwaya nne ndani ya uzito wa daftari moja. Yasmin alipewa mistari sita. Mhusika mkuu. Msichana wa Kihindi. Ameozwa kwa mzee asiyempenda. Jasiri. Ana mapenzi ya kweli. Anafaa kuigwa na jamii. Nikakariri, nikaandika, nikapata B. Yule binti hakuwa na uso wala sauti, alikuwa na sifa.

Siwalaumu wanafunzi wanaofanya hivyo hadi leo, na mwenye kiduka cha fotokopi namlaumu kidogo tu. Darasa letu lilikuwa na watu zaidi ya hamsini na nakala moja ya kitabu, tena haina kava, na aliyeichukua kwanza hakuirudisha.

Isitoshe, sisi tuliokulia Kariakoo hatukuzoea kuulizwa kipi kianze. Kuna aliyeanza na kitabu katika mtaa wetu? Kulikuwa na kibanda umiza nyuma ya nyumba ya jirani, mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, joto la kukaushia samaki. Unalipa sarafu, unakaa, unapewa stori. Baadaye zikaja filamu zilizotafsiriwa, sauti ya Lufufu, kisha DJ Mack, zinakusimulia kila kitu mpaka ambavyo kwenye picha havipo, na tukawa tunazipenda kwa hivyo hivyo ambavyo havipo. Hakuna aliyetuambia kwamba nyuma ya baadhi ya zile muvi kulikuwa na kitabu. Rambo, kwa mfano. Nilikuwa nimeshamaliza chuo ndipo nikajua kwamba Rambo alianzia kwenye riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, na kwamba kwenye riwaya ile Rambo anakufa. Anakufa kabisa. Filamu ya mwaka 1982 ndiyo iliyomwacha hai, akaishi, akarudi mara ya pili na ya tatu, akawa maarufu mpaka mfuko wa plastiki Tanzania nzima ukaitwa mfuko wa Rambo, hadi serikali ilipopiga marufuku mifuko ile Juni 2019. Angekufa kama mwandishi alivyotaka, sijui nyanya tungezibebea kwenye mfuko wa nani.

Kwa hiyo nilipokuwa nikisema "soma kwanza, filamu inaharibu", nilikuwa nasema kitu nilichokisikia kwa watu wa chuo, nikakivaa kama koti la kuazima. Kwenye mtaa wetu filamu haikuharibu kitu. Ndiyo iliyokuwepo.

Sasa tuje kwenye Vuta N'kuvute yenyewe. Riwaya ilitoka mwaka 1999, Mkuki na Nyota, hapa hapa Dar. Mwandishi wake ni Mzanzibari, yule yule wa Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli. Filamu ni ya Amil Shivji, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametuletea T-Junction, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Septemba 2021. Yasmin anachezwa na Ikhlas Gafur Vora, Denge anachezwa na Gudrun Columbus Mwanyika, na Mwajuma, shoga yake Yasmin, ni Siti Amina, ambaye hata nje ya filamu kazi yake ni kuimba, kwa hiyo Mwajuma akifungua mdomo hakuna kuigiza pale. Ni Unguja ya miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, binti wa Kihindi anayekimbia ndoa na kijana mpigania uhuru anayekimbia polisi. Inakwenda kama saa moja na nusu.

Miezi miwili kabla ya Toronto, usiku wa Julai 10, soko kuu la Kariakoo liliungua. Mama alikuwa na meza ya viungo kule shimoni, iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, miaka ishirini na zaidi. Asubuhi tulikwenda kuangalia kwa mbali, kamba zimezungushwa, na harufu ilikuwa ya pilau iliyoungua. Hakulia. Alisema tu kwamba mizani haikuwa yake, alikuwa ameiazima. Wenzake wengi walihamia kwingine wakaanza upya. Yeye alikuwa na miaka sitini, magoti yanamsumbua, akasema anapumzika kwanza. Akapumzika kwa namna ya mtu asiyejua kupumzika: anafagia ua mara tatu, anapanga sufuria, anapangua.

Ndiyo maana filamu ilipoletwa kuonyeshwa Dar na mimi nikapewa nafasi mbili kama mwandishi wa habari, na mshikaji niliyepanga kwenda naye akapata udhuru, nilimwambia mama avae twende. Mara yake ya mwisho kukanyaga sinema ilikuwa Avalon, filamu ya Kihindi, na marehemu baba. Alivaa khanga mpya na kubeba njugu kwenye mkoba, kwa sababu hakuamini watu wanaouza bisi kwa bei ile.

Alitazama kimya. Alicheka kwa Mwajuma, tena kwa sauti, hadi wa mbele wakageuka. Baadaye, tukiwa kwenye bajaji tunarudi, nikamwuliza ameionaje. Akasema, "Binti mzuri, mashaallah. Lakini mbona ametoka mapema vile?"

Nikamwambia filamu haina muda, mama. Lazima wakate.

"Muda wa kuimba wameupata," akasema, akageukia nje.

Usiku ule niliandika makala. Nilisifia picha, na picha zinastahili sifa, Mji Mkongwe umepigwa kwa subira na mwanga wa taa ndogo ndogo mpaka unahisi unyevu wa kuta. Nilisifia muziki. Halafu nikaandika kwamba filamu imekuwa aminifu kwa riwaya. Neno "aminifu" nililitumia mara tatu. Nikalinganisha Yasmin wa kitabuni na Yasmin wa filamu, nikasema yule wa kitabuni ni jasiri zaidi. Ilikuwa mistari yangu sita, nimeipaka rangi. Makala ilichapishwa, watu wakanipongeza, mmoja akaniandikia kwamba anaona kweli nimekisoma kile kitabu.

Kama wiki hivi baadaye mama akaniuliza, "Kile kitabu nilichokununulia shule kiko wapi? Njoo unisomee. Macho yangu na haya maandishi hatuelewani."

Daah. Nilisema kipo, kwenye maboksi. Kesho yake mchana nikatoka ofisini nikapanda mpaka Samora, nikanunua nakala mpya. Halafu, mtu mzima na kitambulisho changu cha uandishi shingoni, nikakaa kwenye kiti cha mwendokasi nikikunja pembe za kurasa. Nilikikalia. Nyumbani nilikidondoshea chai kidogo kwenye kurasa za mwisho. Kikawa kama cha mwanafunzi.

Tulikuwa tunasoma baada ya isha, uani. Nyumba yetu ni ya zile za zamani za vyumba sita na ukumbi katikati, ya mwisho kwenye kipande chetu cha mtaa. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, nyuma wanajenga. Usiku maduka yakifungwa kunabaki mlio wa mikokoteni na redio ya mlinzi. Mama anakaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mimi kwenye kigoda, taa ya simu juu ya kitabu.

Usiku wa kwanza niligundua kwamba sikijui kitabu hata kidogo. Nilidhani kinaanza na ndoa ya nguvu, kilio, binti anatoroka. Lakini Yasmin tunamkuta ameshaolewa. Ana miaka kumi na mitano, Bwana Raza ana hamsini na mbili, na hakuna anayetoroka kwenda popote kwanza. Kuna siku zinapita. Kuna mke mtoto na mume mzee, duka lisilokwenda vizuri, na mtaa unaoendelea na mambo yake nje. Adam Shafi hana haraka kabisa. Na Bwana Raza, ambaye kwenye karatasi zangu alikuwa "mhusika mbaya, mkandamizaji", kumbe ni mtu anayehangaika kumpendeza mkewe, na kila akizidi kuhangaika ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya. Hilo kwenye uchambuzi haliwezi kukaa. Utaliweka chini ya kichwa gani?

Mama hakusema kitu. Wakati wa filamu alicheka, alitikisa kichwa, alisema "yarabi". Sasa kimya, mpaka nikadhani amesinzia.

Nilipofika mahali ambapo mwandishi anaeleza kinyaa cha Yasmin kwa mume wake, mimi, kijana wake wa kiume, nikaona haya. Nikaruka aya, nikaendelea chini kidogo, sauti ile ile.

"Umeruka," akasema.

Nikajifanya sijasikia.

"Umevuta pumzi, ukaruka. Rudi."

Nikarudi. Nilisoma ile aya nikiwa nimeinamisha kichwa kama ninayesomewa mimi. Nilipomaliza akaniambia nifunge kwanza.

Nilikuwa najua kwamba mama aliwahi kuolewa kabla ya baba. Kwetu lilitajwa kama jambo la barabarani, "mume wa kwanza", kama mtu anavyosema kituo cha kwanza. Sikuwahi kuuliza. Usiku ule akaniambia ilikuwa mwaka 1976, Pangani, alikuwa ametoka kumaliza darasa la saba, ana miaka kumi na mitano. Mwanamume alikuwa na duka na jahazi. Hakumpiga, alitaka nilijue hilo, hakumpiga hata siku moja. Alikuwa anamletea machungwa. Kila jioni akirudi, machungwa kwenye kikapu, anayaweka mlangoni, anakaa pembeni anamtazama amenye ale.

"Miaka miwili," akasema. "Wewe umewahi kuniona nakula chungwa?"

Nikafikiri. Miaka yote hiyo ya kuishi karibu na soko, na matunda yanapita mlangoni kwa mikokoteni. Sijawahi.

Basi hiyo ndiyo "mapema" aliyoizungumzia kwenye bajaji. Mimi nilimjibu kama mhakiki, kwamba filamu lazima ikate. Alichokuwa anasema ni kwamba kilichokatwa ni zile jioni. Kwenye filamu ndoa inapita haraka kwa sababu mapenzi na Denge yanangoja, polisi wanangoja, uhuru unangoja. Anayetazama anamhurumia Yasmin kidogo, kisha anakimbia naye, na raha iko kwenye kukimbia. Kitabu kinakukalisha naye ndani mpaka na wewe uchoke.

Na kuna jambo jingine linaloniuma zaidi ya chipsi mayai. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilitupa rufaa ya serikali na kukubaliana na Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilikuwa imesema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume na Katiba. Ile ni sheria ya mwaka 1971, inayoruhusu binti wa miaka kumi na mitano kuolewa mzazi akiridhia. Miaka kumi na mitano, umri ule ule wa Yasmin wa riwayani na wa mama yangu wa Pangani. Habari ya hukumu ile niliiandika mimi. Namba za vifungu zilikuwa sahihi, nukuu za mawakili sahihi, nikaituma saa kumi jioni, nikarudi nyumbani nikala wali alioupika mama. Hatukuzungumza. Kwangu ilikuwa dhamira, ndoa za utotoni, na mimi dhamira ile nilishaipatia B.

Baada ya usiku wa machungwa nilianza kusoma peke yangu pia, chumbani, mbele ya pale tulipofika. Kwa siku nne nilikimaliza. Kuna mengi ambayo filamu haikuyachukua, na mengine nimeona ilifanya vema kuyaacha. Kitabu kinatembea, kinavuka bahari kwenda Mombasa na kurudi, mwisho kinafika mpaka Tanga. Kina Inspekta Wright na Koplo Matata, na Matata peke yake angeweza kutengenezewa filamu yake ya kuchekesha. Kuna mijadala ya siasa ya Denge na wenzake ambayo, kusema kweli, niliipita mbio mbio. Kuna ndoa nyingine kabla ya mwisho, na mwisho wenyewe unamkuta Yasmin mahali ambapo mtu aliyetoka kwenye filamu hawezi kupategemea. Mtengeneza filamu alichagua binti mmoja, kijana mmoja na mji mmoja, akaubana hapo. Sina ugomvi naye. Mwenye saa moja na nusu akitaka kubeba bahari nzima atafika na ndoo.

Lakini uso sasa hautoki. Kila nikisoma "Yasmin" namwona Ikhlas Gafur Vora. Nilijaribu kumjenga wangu kutokana na maneno ya mwandishi, ambaye anamweleza vizuri tu, ukurasa baada ya ukurasa, na kila nikimaliza kumjenga yule wa filamu anaingia anakaa pale pale. Mwajuma ndiyo kabisa, nikisoma maneno yake nasikia sauti ya Siti Amina. Hicho ndicho kitu ambacho filamu inakuchukulia ukianza nayo, na hakirudi. Wanaosema usome kwanza wana haki kwa hapo, hata mimi niliyekuwa nawaunga mkono bila kusoma.

Nilimwuliza mama kama na yeye anamwona yule binti wa sinema. Akasema anamwona akiwa njiani, akiwa na Mwajuma, akiwa na Denge. "Akiwa kule ndani na mzee, hapana."

Sikumwuliza anamwona nani.

Kwa upande mwingine, bila ile sinema mama asingekiulizia kitabu. Kilikuwa kwenye orodha ya vitu vya shule, pamoja na rula na viatu vya bata. Filamu ndiyo iliyomfanya aseme "nisomee". Kwa hiyo leo mtu akiniuliza, namuuliza kwanza kitabu chenyewe ni cha namna gani. Kama ni cha matukio, mbio na risasi, anza popote, hutapoteza kitu, hata Rambo utamkuta hai au maiti kwa mpangilio wowote upendao. Kama ni kitabu cha kukaa ndani ya nyumba na watu, soma kwanza, kwa sababu kukaa huko ndiko kunakokatwa. Na kama kuna mtu nyumbani ambaye hatasoma mpaka aone, mpeleke akaone, umkatie na bajaji. Kitu kimoja tu ndicho nisichomshauri mtu aanze nacho, na kinauzwa upande wa Msimbazi, kimebanwa pini.

Kuna raha nyingine ndogo ambazo sikuzitegemea. Kiswahili cha Unguja, ambacho mimi wa Kariakoo nilikuwa nakwama, mama anakipitia kama anayerudi kwao. Neno likinishinda ananitafsiria bila kufungua macho. Vijana wa fundi simu wa jirani huwa wanakaa ukutani kusikiliza, na kila Mwajuma na Yasmin wakiitwa mashoga wanachekana wenyewe, mpaka mama akawaambia kwamba yeye alikuwa na mashoga saba Pangani, na kama wana la kusema waseme. Hawakusema. Siku hizi wanakuja mapema, mmoja analeta kiti chake.

Juzi nilichelewa kurudi, nikamkuta mama amekwisha kukaa kwenye mkeka, amevaa ile miwani ya barabarani ya elfu tatu, kitabu mkononi. Anatafuta tulipoishia. Alikigeuza mbele, akakigeuza nyuma, akakisogeza karibu na taa. Nyuma, pembeni kabisa, kulikuwa na kibandiko cha bei cha duka. Kukunja kote kule kwa pembe, na chai, na kukikalia, kibandiko sikukibandua.

Akakisoma taratibu, kwa kidole.

"Vitabu vimepanda," akasema. "Mwaka ule uliniambia elfu nane."

Nilisimama pale na begi begani. Vijana wa fundi simu walikuwa wanatazama, mmoja akazima redio akidhani tunaanza.

Mama akanipa kitabu, akavua miwani, akanyoosha miguu.

"Haya, kaa. Walikuwa wanapanda meli ya Mombasa."